Kuuza Kozi Mtandaoni: Hesabu Ije Kabla ya Kamera

Fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwa miaka mingi ana kitu kinachotafutwa. Kila shule zinapokaribia kufunguliwa wazazi humiminika kwake, na hawakosekani vijana wawili watatu wanaoomba kuketi kando ya cherehani yake wajifunze kazi. Kibanda chake hakiwatoshi wote. Kwa simu na intaneti, fundi huyo aliye Kaloleni au Mariakani anaweza kumfundisha mtu aliye Voi, Eldoret au hata Doha, na akalipwa kwa kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba wengi wanaojaribu huanza kwa kununua taa na kamera, kisha hulipia jukwaa, na mwisho ndipo hujiuliza mwanafunzi atatoka wapi. Mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini, na ndio unaokula akiba ya watu. Somo hili linamfuata fundi mmoja wa mfano, kuanzia hesabu hadi siku ya kupokea malipo. Anayefuga nyuki, anayekamua mafuta ya nazi au anayetengeneza simu anaweza kuweka kazi yake mahali pa sketi.

Nani atamleta mwanafunzi?

Majukwaa ya kozi yako mengi, lakini kwa mwenye ujuzi yanagawanyika katika aina tatu, kulingana na anayemleta mwanafunzi na anayeshika pesa.

Aina ya kwanza ni soko. Mfano wake ni Udemy, jukwaa la Marekani lililoanza 2010. Mwalimu halipi chochote kuweka kozi yake pale. Jukwaa linataka kozi iwe na video za angalau dakika 30 kwa jumla na masomo yasiyopungua matano, na hukagua picha na sauti kabla ya kuiruhusu kuuzwa. Mgawanyo wa mapato ndio wa kusomwa kwa makini. Mwanafunzi akinunua kupitia kiungo au kuponi aliyoisambaza mwalimu mwenyewe, mwalimu hupata asilimia 97 ya kiasi kinachobaki baada ya kodi na makato. Akiikuta kozi humo humo jukwaani, mwalimu hupata asilimia 37.

Punguzo la bei ni jambo la kawaida katika soko hilo. Tuseme kozi imeuzwa kwa dola 10, na dola moja ni shilingi 129. Mwanafunzi aliyeletwa na fundi humwachia shilingi 1,251. Aliyeletwa na jukwaa humwachia shilingi 477. Kozi ni ileile na jasho ni lilelile.

Aina ya pili ni duka la kukodi. Teachable na Thinkific ni mifano inayojulikana. Mwalimu hulipa ada, anapata ukurasa wake, anapanga bei yake na kuwa na orodha ya wanafunzi wake mwenyewe. Jukwaa halimletei mtu hata mmoja. Tuseme ada ni dola 39 kwa mwezi, sawa na shilingi 5,031, na kozi inauzwa shilingi 1,500. Wanafunzi watatu wa kwanza wanaleta shilingi 4,500, ambazo hazifikii hata ada. Wa nne ndiye anayemwachia fundi shilingi 969 za kwanza. Mwezi unaofuata hesabu inaanza upya, na mwezi ambao hakujiandikisha mtu ada haipungui.

Aina ya tatu ni fundi kujipangia mwenyewe kwa zana zilizopo: kundi la WhatsApp la wanafunzi waliolipa, video zilizowekwa YouTube bila kuorodheshwa ili zionekane kwa mwenye kiungo tu, na malipo kwa M-Pesa. Anayetaka mpangilio zaidi ana Google Classroom, isiyotozwa ada kwa akaunti ya kawaida. Ipo pia Moodle, programu huru iliyotolewa mara ya kwanza 2002 na inayotumiwa na vyuo vingi, ingawa hiyo inahitaji seva na mtu wa kuitunza.

Hofu ya wengi kuhusu njia hii ya tatu ni kwamba kiungo kitasambazwa kwa wasiolipa. Ni kweli, kinaweza kusambazwa. Lakini video si kitu pekee anacholipia mwanafunzi wa ushonaji. Analipia kupiga picha marinda yaliyopinda, kuyatuma, na kuambiwa na mtu anayejua kwamba kosa halikuwa kwenye mshono bali kwenye chaki. Hilo halisambazwi kwa kiungo. Kwa hiyo kwa anayeanza, njia ya tatu ndiyo ya busara zaidi. Soko la Udemy lifuate kozi ikishakomaa, na duka la kukodi liwe la mwisho, wakati wanafunzi wa kila mwezi wameshathibitika kuwapo.

Kuuza kwanza, kurekodi baadaye

“Ushonaji” si kozi. Ni kazi ya maisha. Kozi inayouzika huahidi kitu kimoja ambacho mwanafunzi anaweza kukionyesha mwishoni: kwa fundi huyu, sketi moja ya shule yenye marinda, iliyokatwa na kushonwa na mwanafunzi mwenyewe.

Kabla ya kurekodi chochote, fundi awatangazie watu anaowafikia tayari, yaani wateja wake, kanisa au msikiti wake, chama chake na kundi la wazazi wa shule. Awaambie kwamba atafundisha sketi hiyo kwa wiki mbili, kwa watu kumi tu, kwa shilingi 500 kila mmoja. Atafundisha moja kwa moja kwa ujumbe wa sauti, picha na video fupi. Wakipatikana kumi, ana shilingi 5,000 na, muhimu zaidi, ana watu kumi wa kumuuliza maswali. Wakipatikana wawili, amejua bila kutumia pesa kwamba mada, bei au watu aliowaendea havikulingana.

Maswali ya kundi hilo la kwanza ndiyo yatakayopanga kozi. Fundi mzoefu hukata kwa mazoea hata hajui tena ni wapi mgeni hukwama. Katika sketi ya marinda, pa kukwama ni kwenye kitambaa. Marinda yaliyojaa, yale yanayolaliana upande mmoja, hula kitambaa mara tatu ya kiuno: kiuno cha sentimita 60 kinadai sentimita 180, kabla ya kuongeza nafasi ya mishono. Anayeanza hununua mita moja na robo akidhani imezidi. Somo hilo la hesabu linastahili kusimama peke yake, polepole, na tepi ikionekana kwenye picha, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Baada ya hapo masomo yanajipanga yenyewe: kupima kiuno na urefu, kukokotoa kitambaa, kuweka alama za chaki, kukunja na kupiga pasi marinda, kuyashikiza kwa mkono, kutia zipu, kuweka mkanda wa kiuno, na mwisho pindo. Ni masomo manane ya dakika sita hadi nane kila moja. Video ndefu haimfundishi mtu zaidi. Humfanya tu atafute kwa kidole mahali alipokuwa amefika.

Simu, dirisha na kelele

Simu nzuri kiasi inatosha. Iwekwe kwa ulalo, iwe juu ya meza na iangalie mikono, kwa sababu katika somo hili uso wa fundi si muhimu. Fremu ya mbao au stuli mbili na ubao juu yake zinaweza kuishikilia. Mwanga wa dirisha asubuhi unashinda taa nyingi za bei nafuu.

Sauti ndiyo inayoharibu kozi nyingi. Mwanafunzi huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini maneno yasiposikika huondoka. Feni izimwe. Cherehani inaponguruma fundi anyamaze, aeleze kabla au baada. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ni kifaa cha kwanza cha kununua iwapo kuna pesa ya kununua kimoja tu.

Kisha kuna bando la mwanafunzi, ambalo walimu wengi hulisahau. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa. Sauti pekee, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hutumia takriban megabaiti 29 kwa muda huohuo. Kwa kozi ya saa moja hiyo ni tofauti ya kumfanya mtu amalize au aachie njiani. Basi pale ambapo maelezo hayahitaji mwendo, kama vile kusoma vipimo, picha mbili na ujumbe wa sauti vinatosha. Ukurasa mmoja wa vipimo ambao mwanafunzi ataupakua na kuubandika ukutani utatumika kuliko video yoyote.

Mfano wa nguo uvaliwe na mtu mzima au uwekwe kwenye sanamu. Mtoto asirekodiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inagusa pia majina, nambari za simu na picha za wanafunzi wa kozi. Picha ya kazi ya mwanafunzi isitumiwe kama tangazo kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Muziki wa wasanii usiwekwe nyuma ya video bila ruhusa, na michoro ya vitabu vya wengine isinakiliwe. Hapohapo fundi ajue kwamba video na maelezo aliyoyatunga ni mali yake kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na anaweza kuyasajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Pesa ikiingia

Kwa wanafunzi wa Kenya, M-Pesa haina mpinzani. Nambari ya Lipa na M-Pesa ni bora kuliko nambari ya kibinafsi, kwa kuwa pesa za kozi hazichanganyiki na za nyumbani. Mwanafunzi asiingizwe kundini kwa kuonyesha picha ya ujumbe wa malipo. Picha na ujumbe vinaweza kughushiwa. Fundi athibitishe kwenye akaunti yake mwenyewe, na PIN yake asimpe mtu yeyote, hata anayedai kupiga simu kutoka kwenye jukwaa.

Malipo ya Udemy hupitia PayPal au Payoneer. Tangu 2018 akaunti ya PayPal inaweza kuunganishwa na M-Pesa na fedha zikahamishiwa kwenye simu. Majina ya akaunti zote yafanane na ya kitambulisho, la sivyo pesa itakwama njiani. Tena, mnunuzi wa Udemy ana siku 30 za kudai arudishiwe pesa zake, kwa hiyo mauzo ya leo yasipangiwe karo ya wiki ijayo.

Mapato ya kozi yanatozwa kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya, na maudhui ya elimu yametajwa humo. Makato hayo hufanywa na anayelipa, na fundi anapaswa kuitunza hati yake kwa sababu kiasi hicho huondolewa kwenye kodi yake ya mwaka. Wanafunzi wanapomlipa moja kwa moja kwa simu, kazi ya kutangaza mapato ni yake mwenyewe, kupitia iTax, kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Daftari la tarehe, jina na kiasi, likijazwa kila siku, hurahisisha kazi hiyo.

Cheti gani?

Wanafunzi watauliza cheti. Jibu la haki litolewe kabla hawajalipa. Karatasi anayotoa fundi, au inayotolewa na jukwaa, inaonyesha kwamba mtu amemaliza masomo, basi. Haimfanyi fundi anayetambuliwa na serikali. Anayetaka utambulisho huo hufanya mtihani wa ufundi wa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambao una daraja la 3, la 2 na la 1, au hujiunga na chuo kilichosajiliwa, vikiwemo vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti. Kutangaza “cheti kinachotambulika” bila idhini ni kuwadanganya watu na kualika mashtaka.

Kuna jambo jingine kwa wenye kozi za kilimo na mifugo. Kipimo cha dawa kilichotajwa vibaya kwenye video kinaweza kuua kuku wa watu ambao mwalimu hatawaona kamwe. Masomo ya chanjo, dawa na mbolea yapelekwe kwanza kwa afisa wa ugani wa wadi ayasikilize, hata kama mwalimu amefuga kwa miaka ishirini.

Kozi ikishaanza kuuzwa, faili za awali za video zihifadhiwe mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mtandaoni, pamoja na nakala ya orodha ya wanafunzi. Simu huibwa, akaunti hufungwa, na majukwaa hubadilisha masharti. Mwenye faili zake na nambari za wanafunzi wake anaweza kuhamia jukwaa jingine Jumatatu na kuendelea kufundisha Jumanne.