Somo la Injini: Plagi za Subaru ya Turbo Zibadilishwe Lini?

Toleo hili tuachane kidogo na mambo ya viza na fomu, tuingie gereji.

Ukikaa hapa Shaw, kuanzia Georgia Avenue mbele ya Howard mpaka kule U Street, haipiti siku bila kusikia mlio wa Subaru WRX. Na watu wa kwetu tunazipenda sana gari hizi. Si ajabu, maana tumelelewa na Safari Rally. Mwaka 1990 Patrick Njiru alishinda Kundi N akiwa na Subaru Legacy. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda mashindano yote na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akafanya hivyo hivyo.

Sasa kuna swali moja ambalo kila mwenye gari ya namna hii huuliza: plagi nibadilishe baada ya maili ngapi? Mmoja atakwambia 60,000, mwingine 30,000, fundi wa nyumbani atakwambia "kila sevisi". Kwa mwanafunzi anayeishi kwa posho hili si swali dogo. Seti ya plagi 4 ni hela ya chakula cha siku kadhaa. Pistoni iliyovunjika ni hela ya muhula mzima.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: namba iliyo kwenye kitabu cha gari ndiyo mwisho wa safari kwa gari ambayo haijaguswa. Gari yako inaweza kuhitaji mapema zaidi, na plagi yenyewe itakwambia. Tuone kwa nini.

KITABU KINASEMAJE

Kwa WRX za turbo zilizouzwa Marekani, ratiba ni maili 60,000. Kwa Impreza za kawaida zisizo na turbo, zenye injini ya lita 2.5 na plagi za nikeli, ilikuwa maili 30,000. Angalieni vizuri, hizo ni maili. Maili 60,000 ni kama kilometa 96,500. Ukimwandikia kaka yako Nairobi au Arusha "badilisha kwenye 60,000" na dashibodi yake inasoma kilometa, atazitupa plagi zikiwa na zaidi ya theluthi moja ya maisha yake. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi.

Halafu kuna suala la madini. Plagi tunayoiita "ya shaba" ina shaba ndani tu, kwa ajili ya kupitisha joto. Ncha inayopiga cheche ni ya nikeli. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455, platinamu 1,768, na iridiamu 2,446. (Msichanganye platinamu na zile "platini" za gari za zamani, hicho ni kifaa kingine kabisa.) Kwa kuwa iridiamu ni ngumu, ncha yake hutengenezwa nyembamba, hata milimita 0.6 au chini ya hapo, na bado inadumu. Ndiyo maana inauzwa ghali na ndiyo maana inafika mbali.

KINACHOIMALIZA PLAGI NI NINI?

Kwanza, idadi ya cheche. Katika injini ya mipigo minne kila plagi hupiga cheche mara moja kwa kila mizunguko 2 ya injini. Tufanye hesabu. Gari A inakwenda New York na kurudi kila wiki kwa I-95: wastani wa maili 60 kwa saa, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Hiyo ni cheche 90,000 kwa saa. Maili 60,000 zitachukua saa 1,000, jumla cheche milioni 90. Gari B haitoki mjini: wastani wa maili 20 kwa saa, injini mizunguko 2,000. Hiyo ni cheche 60,000 kwa saa, lakini maili zile zile zitachukua saa 3,000. Jumla ni cheche milioni 180, yaani mara mbili! Dashibodi zote mbili zinasoma namba moja, ila plagi za Gari B zimefanya kazi ya gari mbili.

Pili, mwanya. Kila cheche hung'oa chembe ndogo ya chuma, hivyo mwanya kati ya ncha mbili unazidi kupanuka. Mwanya ukipanuka, koili inatakiwa kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Na hapa ndipo turbo inapoleta balaa: hewa ikishindiliwa, umeme hupata taabu zaidi kuipenya. Kwa hiyo WRX hutumia mwanya mdogo, milimita 0.7 hadi 0.8, wakati gari isiyo na turbo huweza kutumia 1.0 hadi 1.1. Mwanya ambao kwenye Corolla usingeleta neno, kwenye WRX utaifanya gari imisi mara tu turbo ikishika, hasa ukikanyaga mafuta kwenye mlima ukiwa gia ya 3 au 4.

Tatu, joto. Plagi inataka kuwa kati ya nyuzi 450 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanaganda. Juu ya hapo ncha yenyewe inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na hapo pistoni iko hatarini. Safari za dakika 5 za Januari, kutoka chumbani mpaka maktaba, zinaiacha plagi kwenye masizi kila siku. Aliyeongeza nguvu ya turbo anaipeleka upande wa pili.

Ndiyo sababu waliotengeneza injini upya huhamia plagi "ya baridi" zaidi, inayotoa joto haraka. Lakini tahadhari na namba! Kwa NGK, namba kubwa ndiyo baridi zaidi: 7 ni ya baridi kuliko 6. Kwa Bosch ni kinyume. Ukinunua kwa kubahatisha unaweza kupata kinyume cha ulichotaka. Na kama gari haijaguswa, baki na namba ya kiwandani. Plagi ya baridi kwenye gari ya kwenda sokoni itajaa masizi tu.

RATIBA NINAYOPENDEKEZA

1. Turbo, haijaguswa, plagi za iridiamu au platinamu: badilisha maili 60,000, ila zitoe uzitazame kwenye 30,000.
2. Turbo hiyo hiyo, lakini ni ya mjini tupu kama Gari B: 40,000 hadi 45,000.
3. Turbo iliyoongezwa nguvu: 15,000 hadi 20,000, hata kama ni iridiamu.
4. Plagi za nikeli kwenye turbo iliyoongezwa nguvu: 10,000 au chini yake. Ni rahisi kununua, ila hesabu na jasho lako.
5. Gari ya mashindano: usihesabu maili. Zitoe na kuzisoma baada ya kila shindano.

Namba 2 hadi 4 ni makadirio ya kihandisi, si amri. Anayeamua ni plagi yenyewe.

KUISOMA PLAGI

Toa plagi na uzipange kwa namba ya silinda. Kwenye injini ya Subaru, 1 na 3 ziko upande wa kulia wa gari, 2 na 4 upande wa kushoto. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: afya njema. Nyeusi kavu: masizi, petroli nyingi au safari fupi. Nyeusi yenye mafuta: oili inapita, tafuta chanzo. Nyeupe kabisa yenye vitone vinavyong'aa: joto kali, acha kukanyaga mafuta mpaka ujue sababu. Moja ikitofautiana na wenzake watatu, shida ni ya silinda hiyo, na plagi mpya haitaiponya. Kwenye injini za EJ za turbo mafundi wengi huitazama namba 4 kwanza.

KUBADILISHA MWENYEWE

Subaru ina silinda zilizolala, hivyo plagi ziko ubavuni karibu na chasi. Upande mmoja utatoa boksi la hewa, upande wa pili betri na chupa ya maji ya kioo. Kazi ifanyike injini ikiwa baridi kabisa, maana hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika kirahisi. Puliza vumbi kwenye tundu kabla ya kufungua. Pima mwanya wa kila plagi mpya, hata kama boksi linasema imepimwa. Anza kufunga kwa mkono, kisha malizia na spana ya kupimia nguvu, kama Nm 21. Plagi iliyoanguka sakafuni usiifunge. Ufa wa kauri hauonekani kwa macho.

UKIPUUZA

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kujipanga. Ikimemeta huku gari inakohoa, petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na bei yake ni mamia ya dola au zaidi. Tena hapa D.C. gari binafsi hupimwa moshi kila miaka 2 pale Half Street SW, na taa hiyo ikiwa inawaka unarudishwa nyumbani. Plagi ya dola chache imekufunga usisajili gari.

KWA WA NYUMBANI

Wengi wetu tunachangia kumnunulia ndugu gari iliyotumika Japani. Gari hiyo inafika bila historia, hivyo usiulize imebakiza ngapi: weka plagi mpya siku ya kwanza na uandike kilometa. Nunueni duka linaloaminika, maana plagi bandia zipo na boksi lake linafanana na halali.

Jambo la mwisho ni petroli. Namba 93 ya pampu za hapa si sawa na 93 ya RON inayotumika kwetu. 93 ya D.C. ni karibu RON 98. Gari iliyoongezwa nguvu kwa petroli ya hapa, ikinyweshwa RON 95, inaweza kuanza kugonga, na plagi ndiyo itakayoonyesha kwanza. Ongea na fundi wa kompyuta kabla ya kuipakia kwenye meli.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika, wastani wa maili 30 kwa saa. Kila plagi itapiga cheche ngapi katika maili 30,000?
(b) Plagi 3 ni za kahawia, namba 4 ina mafuta. Utabadilisha zote 4 na kuondoka? Eleza.

Jibu la (a) ni milioni 75. La (b) tulijadili kwenye mkutano ujao wa jumuiya, na mwenye plagi zake za zamani azilete tuzisome pamoja. Kila la heri kwenye mitihani!