Pole Yetu na "Sorry" Yao

Wiki hii nimeletewa swali na binti mmoja anayehudumia mezani katika hoteli ya ufukweni huko Unguja. Mgeni alijikwaa kwenye ngazi, naye akawahi kusema "Sorry!" kwa moyo wote. Mgeni akamtazama kwa mshangao, akajibu, "It's not your fault." Binti kabaki anajiuliza kakosea wapi, maana neno hilo analijua tangu shule ya msingi.

Mdogo wangu, adabu unayo tele. Ila umeichukua pole yetu ukaivalisha nguo ya Kiingereza, na nguo hiyo inaibana. Sisi tunampa pole kila aliyepatwa na jambo: aliyejikwaa, anayekohoa, aliyebeba mzigo, hata aliyetoka kazini. Hatuulizi nani kasababisha. Mzungumzaji wa Kiingereza akiambiwa "sorry" papo hapo alipojikwaa, mara nyingi anaelewa kuwa unakiri kosa, ndiyo maana mgeni akakutoa lawamani. Kwa aliyejikwaa, sema "Are you all right?" na umpe mkono. Pole yako yote imo humo.

Akikusimulia msiba au ugonjwa, hapo "I'm sorry to hear that" ndiyo yenyewe. Iseme nzima, usiikate ukabakiza "sorry" tupu. Na "pole na kazi"? Usihangaike kuitafsiri, Kiingereza hakina. Mwulize tu siku yake imekwendaje.

Tunakochanganya zaidi ni kwenye samahani. Samahani yetu inatangulia jambo na inafuata jambo, neno ni lilelile. Kiingereza kimeigawa. Unataka kupita katikati ya watu, unamwita mhudumu, unamsimamisha mtu umwulize njia: hiyo ni "excuse me". Umeshamkanyaga, umeshammwagia chai: hiyo ni "sorry". Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, jiulize kama kosa limeshatendeka. Utawasikia Waingereza wakisema "sorry" hata wanapoomba kupita, na Wamarekani wakisema "excuse me" wakishakugusa bega. Usibabaike. Wewe unayejifunza shika njia hiyo, haitakuaibisha popote.

Kama hukusikia vizuri, "Sorry?" inatosha, lakini sauti ipande mwishoni kama unavyouliza swali. Ikishuka, umeomba radhi. "What?" waachie marafiki zako. Na hapa uwe mwangalifu na "Excuse me?" yenye sauti kali, kwani mtu anaweza kudhani amekuudhi.

Nikukumbushe na hili, maana nimelisikia mahoteli mengi. Ukimwacha mgeni mezani kwenda jikoni, usimwambie "I'm coming". Kwetu tunasema "nakuja" huku tunaondoka na tunaelewana vizuri kabisa. Yeye anaona umempa mgongo huku unasema unakuja, hajui akusubiri au akufuate. Mwambie "I'll be right back", kisha uende kwa amani.

Usianze kuyakariri yote kwa siku moja. Kesho ukiingia zamu, anza na "Are you all right?" peke yake, halafu uniandikie mgeni amekujibu nini.