Mini na Injini Zake: Nguvu Hutoka Wapi, na Hulipiwa Wapi?

Mwaka 1956 Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, na nchini Uingereza petroli ikaanza kugawiwa kwa kipimo. Mwaka uliofuata Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC, alimwagiza mhandisi Alec Issigonis abuni gari dogo kabisa lenye nafasi ya watu wanne na lisilokunywa petroli nyingi. Gari hilo, Mini, lilitolewa Agosti 1959. Urefu wake ulikuwa mita 3.05 tu, na magurudumu yake yalikuwa ya inchi 10. Injini ilikaa kwa kukingama mbele ya gari, na giaboksi iliwekwa chini yake, vyote viwili vikitumia oili ile ile.

Kuna jambo moja katika historia ya gari hilo ambalo husahauliwa. Magari ya majaribio yalikuwa na injini ya sentimita za ujazo 948. Yalionekana kuwa na mbio kupita kiasi kwa dereva wa kawaida, basi ujazo ukapunguzwa hadi 848, na nguvu ikawa nguvu za farasi 34, yaani kilowati 25. Tangu siku hiyo mafundi wengi wamekuwa wakijitahidi kurudisha kile kilichoondolewa, na kuongeza juu yake. Kazi yao ni somo zuri la fizikia, kwa sababu hakuna hatua wanayochukua isiyoweza kupimwa kwa hesabu za shule ya sekondari.

Injini ni pampu ya hewa. Petroli haiungui bila oksijeni. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa. Kwa hiyo anayetaka nguvu zaidi hana budi kupitisha hewa zaidi kwa kila dakika. Tuitazame injini ya 848. Kipenyo cha silinda ni milimita 62.9, na pistoni husafiri milimita 68.26 kutoka chini hadi juu. Mwanafunzi akizidisha eneo la duara kwa urefu huo, kisha kwa silinda 4, atapata ujazo wenyewe. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 5500 kwa dakika, kama silinda zingejaa kikamilifu, zingevuta lita 2330 hivi. Hazijai. Tukikadiria kwamba hujaa kwa robo tatu, tunapata lita 1750, ambazo ni kilo 2.1 za hewa, nazo huunguza gramu 140 hivi za petroli kwa dakika. Joto la petroli hiyo ni sawa na kilowati 105. Kilowati 25 tu ndizo zinazofika kwenye krankishafti. Nyingine hupotea kupitia rejeta, bomba la moshi na msuguano.

Njia ya kwanza ya kuongeza hewa ni kuongeza ujazo. John Cooper, ambaye kampuni yake ilitoa magari yaliyotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za Formula One mwaka 1959 na 1960, ndiye aliyewashawishi wakuu wa BMC watengeneze Mini yenye mbio. Issigonis mwenyewe hakuvutiwa sana na wazo hilo. Mini Cooper ya mwaka 1961 ilikuwa na injini ya 997 na nguvu za farasi 55. Ujazo huo ulipatikana kwa kurefusha safari ya pistoni hadi milimita 81.28. Kwa mizunguko 6000, pistoni hiyo huenda kwa wastani wa mita 16.3 kwa sekunde, ilhali ile ya milimita 68.26 huenda mita 13.7 tu. Tena pistoni haiendi mfululizo: husimama kabisa juu na chini, kisha huvutwa upya kwa kani kubwa mno. Injini zinazovunjika kono la pistoni aghalabu huvunjikia hapo, wala si wakati wa mlipuko kama wengi wanavyodhani.

Mwaka 1963 ilitolewa Cooper S ya kwanza, nayo ilifuata njia nyingine. Safari ya pistoni ilirudishwa milimita 68.26, lakini kipenyo kikapanuliwa hadi milimita 70.6. Ujazo ukawa 1071 na nguvu za farasi 70. Injini hii ingeweza kuzungushwa mara 7100 hivi kwa dakika kabla pistoni zake hazijafikia mwendo ule ule ambao zile za 997 huufikia kwa mizunguko 6000. Baadaye vyote viwili, kipenyo kikubwa na safari ndefu, viliunganishwa katika injini ya 1275 yenye nguvu za farasi 76. Cooper S ndizo zilizoshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Njia ya pili ni kuifanya injini ipumue vizuri, na hapa Mini ina kilema cha kuzaliwa. Silinda hedi yake ina matundu mawili tu ya kuingizia hewa kwa silinda nne. Kila tundu hulisha silinda mbili jirani. Silinda hizo huvuta moja baada ya nyingine bila nafasi ya kutosha, hivyo mbili hizo hazipati mchanganyiko ulio sawa. Fundi anaweza kulainisha na kupanua njia hizo, kuweka valvu kubwa zaidi, kabureta mbili na kamshafti inayoziacha valvu wazi kwa muda mrefu. Yote hayo husaidia. Lakini kamshafti kali huiondolea injini nguvu kwenye mizunguko ya chini, na gari likawa zuri barabara kuu na baya kwenye foleni ya magari. (Uwembamba wa hewa nao huingia humu: katika mwinuko wa mita 1660, kama Nairobi, msongamano wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa pwani, na nguvu ya injini hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho.)

Sasa tuangalie faida. Gari linapokwenda kasi, kani kubwa inayolizuia ni ya hewa, nayo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Nguvu ni kani mara mwendo, kwa hiyo nguvu inayohitajika huongezeka kwa mchemraba wa mwendo. Mini ya nguvu 34 ilifika kilometa 116 hivi kwa saa. Kwa nguvu 55, kipeo cha tatu cha 55/34 ni 1.17, na hesabu inatabiri kilometa 136. Kwa nguvu 76, inatabiri 152. Magari yenyewe yalifika takriban 137 na 155. Kanuni rahisi kiasi hicho kukaribia ukweli namna hiyo ni jambo la kufurahisha darasani. Lakini pia huonyesha ukali wake: nguvu imezidi mara mbili, na mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu.

Ndiyo sababu mafundi wengine huiondoa kabisa injini ya zamani. Wengi huchagua injini za Honda, kwa mfano B16A iliyotolewa mwaka 1989. Ujazo wake ni 1595 tu, lakini ina valvu 16, kila silinda ina njia zake yenyewe, na kamshafti zake hubadili ufunguaji wa valvu kadiri mizunguko inavyopanda. Hutoa nguvu za farasi 160 kwa mizunguko 7600, yaani nguvu 100 kwa kila lita moja, wakati Mini ya kwanza ilitoa 40. Kwa kuwa giaboksi ya Honda hukaa ubavuni mwa injini, si chini yake, fremu ya mbele ya Mini hulazimika kutengenezwa upya, pamoja na mihimili inayozungusha magurudumu. Kanuni ya mchemraba inatabiri kilometa 194 kwa saa.

Hapa ndipo furaha inapoanza kudai malipo. Nishati mwendo ni nusu ya masi mara mraba wa mwendo. Gari na dereva wakiwa na kilo 700, kwa kilometa 116 wana kilojuli 363. Kwa 155 wana 649. Kwa 194 wana zaidi ya 1000. Kwenye lami kavu, ambako mgandano wa matairi unaruhusu mgawo wa msuguano wa 0.8, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki ni mita 66, kisha 118, kisha 185. Tena hayo ni makadirio ya breki zinazofanya kazi yake yote.

Breki hazifanyi hivyo daima. Mini ya mwaka 1959 ilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote. Cooper ilipewa diski za inchi 7 mbele, na Cooper S ikapewa za inchi 7.5 zenye kisaidizi cha kukandamiza. Ndani ya gurudumu la inchi 10 nafasi haikuwa kubwa. Tuchukulie diski mbili zenye jumla ya kilo 6 za chuma, zinazopokea asilimia 70 ya nishati. Joto maalumu la chuma ni juli 460 kwa kilo kwa digrii moja. Kusimama mara moja kutoka kilometa 155 kutazipandisha digrii 165. Kutoka 194, digrii 258. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya kikomo chake hushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke hujaa ndani ya mabomba. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki. Dereva hukanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni, na gari likaendelea kwenda. Fundi anayestahili jina hilo huanza na breki, kisha matairi, kisha injini. Anayeanza na injini anamkabidhi mwingine mzigo wa hatari, mara nyingi mtu asiyejua hata gari gani linamjia.

Kwa darasa lenye bureti, silinda hedi iliyotupwa gereji inatosha kwa zoezi moja. Igeuzwe juu chini, plagi na valvu zikiwa mahali pake, ifunikwe kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo na kupakwa grisi pembeni, kisha mafuta ya taa yadondoshwe kutoka kwenye bureti mpaka chumba cha mwako kijae. Katika Mini ya 848, silinda moja ina sentimita za ujazo 212. Nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu, pamoja na unene wa gasketi, ni 29, na uwiano wa mgandamizo ni (212 + 29) ÷ 29, yaani 8.3. Wanafunzi wakokotoe uwiano utakuwa kiasi gani iwapo fundi atachonga uso wa hedi mpaka nafasi hiyo ibaki 25, na waeleze kwa nini petroli hafifu itaanza kugonga ndani ya injini hiyo.