Matumizi ya Rangi katika Majibu ya Skripti

Mwalimu asahihishaye madaftari kwa wino mwekundu hutaka mwanafunzi alione kosa kabla hajasoma neno lolote. Haja hiyo hiyo humpata mtungaji wa skripti, yaani amri zilizopangwa katika faili ili kompyuta izitekeleze kwa mfuatano. Tuseme tumetunga skripti ya mazoezi ya kujumlisha kwa Darasa la Nne. Majibu yote yakitoka kwa rangi moja, mtoto hupotea katikati ya mistari.

Rangi huombwa kwa alama zinazochanganywa na maandishi yenyewe. Mfumo wa alama hizo uliwekewa kanuni huko Ulaya mwaka 1976, ukaenea kwa mashine ya VT100 iliyotoka mwaka 1978, ingawa kioo cha mashine hiyo hakikuwa na rangi! Kila alama huanza kwa herufi isiyoonekana, ya namba 27. Katika Bash huandikwa \033, kwa kuwa hapo tunahesabu kwa vizio vya nane: nane tatu, na tatu. Hufuata mabano ya mraba, namba ya rangi, kisha m. Nyekundu ni 31, kijani 32, manjano 33, buluu 34. Na 0 hurudisha hali ya kawaida.

printf '\033[31m%s\033[0m\n' "$jibu"

Mwanachuo mgeni huisahau sifuri, na maandishi yote yanayofuata huwa mekundu. Yafaa kuliacha jambo hili litokee mara moja darasani, wanafunzi watafute sababu wenyewe.

Lakini liko kosa ambalo kioo hakituonyeshi. Katika somo moja tulichapa majibu sahihi kwa kijani na yasiyo sahihi kwa nyekundu, bila neno lingine. Mvulana mmoja, hodari wa hesabu, akauliza, "Mwalimu, nimepata ngapi?" Tulimwambia ahesabu ya kijani. Akatazama kioo kwa muda mrefu, akataja idadi ya kubahatisha, na wenzake wakacheka. Nasi tulimdhania mzembe. Kumbe macho yake hayatofautishi rangi hizo mbili, hali inayorithiwa na inayowapata zaidi wavulana kuliko wasichana. Aibu aliyoipata ilitokana na skripti yetu.

Hapana budi, basi, neno litangulie na rangi ifuate:

printf '\033[32mSAHIHI: %s\033[0m\n' "$jibu"
printf '\033[31mKOSA: %s\033[0m\n' "$jibu"

Kipindi kilichofuata mvulana yule alisoma alama zake mwenyewe, wala hakuuliza. Tangu hapo, kabla ya kuipeleka skripti darasani, huziondoa kwanza alama zote za rangi na kuitekeleza hivyo hivyo. Pale tusipoelewa jibu, twajua bado hatujaliandika.