Dondoo muhimu: Mnyoo mnyonya damu wa mbuzi na kondoo
Jike la Haemonchus contortus hukaa katika tumbo la nne la mbuzi au kondoo na kutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu, huanguliwa, na lava huwa tayari kuambukiza baada ya wiki moja hivi. Hupanda majani kwa maji ya umande, wengi wakibaki chini karibu na udongo.

Kwa hiyo, subiri umande ukauke kabla ya kuchunga, na hamisha mifugo kabla nyasi hazijaliwa hadi chini.

Wakati wa masika, funua kope la chini la kila mnyama mara kwa mara. Likiwa jeupe ndani, damu imepungua: mpe dawa ya minyoo mnyama huyo, kwa uzito uliopimwa. Kukadiria uzito kwa macho huchangia kulea minyoo sugu. Ukiona uvimbe chini ya taya, hali imeshakuwa mbaya. Mwite mtaalamu wa mifugo.