Erthi ya Nyumba: Fimbo Peke Yake Haikati Umeme

Waya wa erthi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, siku za kawaida hauna kazi. Kazi huanza pale waya wa moto ndani ya friji au pampu unapochunika na kugusa bodi ya chuma: umeme uliovuja hupata njia ya kwenda ardhini kabla mtu hajaishika friji akiwa pekupeku.

Katika nyumba nyingi za Tanzania, nyaya zinazotoka kwenye nguzo ni mbili, moto na nyutro. Erthi huanzia kwenye fimbo inayopigwa nje ya ukuta. Fundi akishaipiga, wengi huhesabu kazi imekwisha. Hesabu inakataa. Njia nzima ya ardhini ikiwa na ukinzani wa omu 20, ambao si mbaya, volti 230 zitapitisha hapo ampea 11.5 tu, na breka ya ampea 32 haitakata. Bodi ya friji itabaki na umeme, huku uniti za LUKU zikiyeyuka zaidi ya mbili na nusu kwa saa.

Kinachokata ni RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata ndani ya theluthi ya sekunde. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara, ila si kipimo cha erthi: hukata hata kama fimbo haipo kabisa. Fimbo hupimwa kwa mita ya ukinzani wa ardhi.

Fimbo yenyewe ni ya chuma kilichopakwa shaba, na hupigwa penye unyevu, kichwa kikiachwa ndani ya kishimo chenye mfuniko ili klampu ikaguliwe. Kwenye mwamba wa matumbawe, kama sehemu kubwa ya Unguja, moja mara nyingi haitoshi. Ya pili hupigwa kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo. Chumvi ikimwagwa penye fimbo husaidia kwa muda, kisha mvua huiondoa, nayo chumvi huwa imeshakula klampu.

Mabomba ya chuma nayo huungwa kwenye erthi kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 10, ili hitilafu ikitokea, bomba na shawa viwe na volti sawa, na umeme usimpitie anayeoga. Mabomba ya plastiki hayahitaji. Shawa ya umeme huja na nyaya tatu. Kwenye bafu nyingi ule wa kijani umekunjwa na kufungwa solotepu, kwa kuwa ukutani zimepitishwa mbili tu. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kuuacha.

Kompyuta inayochoma vidole kwenye bodi yake mara nyingi inasema soketi haina erthi. Hapo hata kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla hukaribia kuwa ekstensheni ya bei ghali, maana hakina ardhi ya kuumwagia. Na nyumba yenye kinga ya radi, fimbo zake na za erthi lazima ziungwe pamoja. Zikitenganishwa, radi ikipiga, maelfu ya volti kati yake hutafuta njia kupitia televisheni.