Sauti Inachelewa, Sauti Inakwaruza: Nikope Kikoba Ninunue Kompyuta?

"Mimi ni prodyuza mdogo hapa Morogoro, narekodi kwaya na waimbaji wa Injili chumbani kwangu. Nina kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 8, saundi kadi ya USB yenye matundu mawili ya maiki, na FL Studio. Meza imeshikwa na kinanda, kwa hiyo kompyuta naiweka kitandani. Nikianza kurekodi nafunga dirisha na kuzima feni.

"Tatizo langu ni kwamba mwimbaji anaisikia sauti yake kwenye hedifoni ikiwa imechelewa, anavuta mpaka anatoka nje ya biti. Rafiki akanishauri nishushe bafa kutoka 1024 hadi 64. Kuchelewa kukaisha, lakini sauti ikaanza kukwaruza na kukatika-katika. Ajabu ni kwamba nyimbo mbili za kwanza huwa na nafuu, ukifika wa tatu hapafai kabisa. Fundi mmoja wa mjini amesema mashine imechoka, ninunue nyingine. Mke wangu hataki nikope kikoba, anasema ada za watoto zinakuja Januari. Tumenuniana, hii ni wiki ya pili. Nikope au nisikope?"

Msomaji, Morogoro

Asikope, walau si kabla ya kumaliza majaribio ambayo hayatamgharimu hata shilingi. Mkewe ana hoja, na barua yenyewe inamtetea: mashine inayomudu nyimbo mbili kisha ikalemewa na wa tatu ina kitu kinachoibana, na kitu hicho kinatafutika.

Kuchelewa na kukwaruza, malalamiko yake yote mawili, vinatoka mahali pamoja: kwenye bafa. Saundi kadi hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kipimo kilekile cha CD kilichowekwa na Sony na Philips mwaka 1980. Kila kipimo huitwa sampuli, na sampuli husafirishwa kwa mafungu, kama abiria. Bafa ya 1024 ni basi la mkoani. Haling'oki stendi mpaka viti vyote vijae, na kujaza viti 1024 huchukua milisekunde 23. Kwenda na kurudi ni 46. Bafa ya 64 ni bajaji. Inajaa ndani ya milisekunde moja na nusu na kuondoka, ila dereva sasa anapaswa kupiga safari 689 kila sekunde badala ya 43. Akikosa safari moja tu, kituoni hakuna wa kushuka. Pengo hilo ndilo mkwaruzo anaousikia msomaji.

Milisekunde 46 zinaonekana kidogo mpaka zigeuzwe umbali. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Mwimbaji wa msomaji wetu alikuwa akijisikia kana kwamba spika yake iko mita 16 mbele yake. Tena mwimbaji huumia kuliko mpiga gitaa, kwa sababu sauti yake imeshamfika sikioni kupitia mifupa ya kichwa kabla hedifoni hazijasema neno. Ndiyo maana waimbaji wazoefu wa kwaya huvua upande mmoja wa hedifoni bila kuambiwa na mtu.

Kati ya basi na bajaji ipo daladala. Msomaji aweke bafa ya 256 anaporekodi: milisekunde 5.8 kwenda na 5.8 kurudi, jumla kama 12, pamoja na muda mdogo ambao kadi hutumia kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Pakiwa shwari ajaribu 128. Waimbaji wakishakwenda kwao na kazi imebaki ya kumiksi, airudishe 1024 bila wasiwasi, maana hapo hakuna anayejisikiliza. Maprodyuza wengi wa nyumbani huteseka kwa kutafuta namba moja ya kudumu, ilhali kurekodi na kumiksi kila moja kunadai namba yake.

Njia fupi kuliko hiyo huenda iko mezani kwake tayari. Saundi kadi nyingi za matundu mawili zina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja: sauti inatoka kwenye maiki, inapita ndani ya kadi na kuingia kwenye hedifoni bila kukanyaga kompyuta. Akikiwasha, azime usikilizaji wa maiki hiyo ndani ya FL Studio, la sivyo mwimbaji atasikia sauti mbili zinazofukuzana. Waimbaji wa Injili watalalamika kwamba sauti ni kavu, wanataka mwangwi. Awape mwangwi mtupu kutoka kwenye kompyuta, bila sauti halisi ndani yake. Mwangwi kwa asili huja nyuma ya sauti, kwa hiyo ukichelewa milisekunde 20 zaidi haumsumbui mtu. Na hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth mara nyingi huchelewesha kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa inayoweza kurekebisha hilo.

Sasa wimbo wa tatu. Dirisha limefungwa, feni imezimwa, na kompyuta imelala kitandani huku godoro likiziba matundu ya hewa chini yake. Chumba cha Morogoro hakihitaji muda mrefu kuwa tanuri. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na hapo dereva wa bajaji anaanza kukosa safari. Msomaji aihamishie kompyuta juu ya ubao au sinia kubwa, ainue upande wa nyuma kwa vitabu viwili, asiweke chochote mbele ya tundu linalotoa hewa ya moto. Aizime kabisa siku moja asafishe vumbi la feni yake kwa brashi laini. Kati ya wimbo na wimbo afungue dirisha na kuwasha feni ya chumba, waimbaji nao wapumue.

Umeme una sehemu yake. Kompyuta mpakato nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza kasi ili kutunza chaji, kwa hiyo arekodi chaja ikiwa imechomekwa. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows achague utendaji wa juu, na azuie Windows kulaza matundu ya USB. Saundi kadi aichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, isishirikiane tundu na flashi na mausi kupitia kigawio.

Kisha draiva. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mfumo wa ASIO, unaoipa programu ya muziki njia ya mkato hadi kwenye kadi bila kupanga foleni na sauti nyingine zote za Windows. FL Studio, kazi ya Image-Line ya Ubelgiji, huja na ASIO ya jumla, na wengi hutumia ASIO4ALL ya bure. Zote mbili husaidia pale mtengenezaji wa kadi asipotoa draiva yake. Kama ametoa, msomaji aichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji huyo, ile ya modeli yake hasa, kisha aichague katika mipangilio ya sauti ya FL Studio. Prodyuza anaweza kukaa miaka miwili na draiva ya jumla huku ile sahihi ikimsubiri bure mtandaoni.

Hata barabara nzuri husimamishwa kupisha msafara. Ndani ya Windows misafara hiyo ni draiva za vifaa vingine, zinazoshika prosesa kwa kitambo na kuwazuia wengine wote. LatencyMon, programu ya Resplendence isiyolipiwa kwa matumizi ya nyumbani, huzitaja kwa majina. Aiache ifanye kazi dakika kumi huku wimbo unacheza, kisha afungue orodha ya draiva aone ni ipi imeshika muda mrefu kuliko zote. Akikuta ndis.sys, mtuhumiwa ni mtandao: azime Wi-Fi wakati wa kurekodi, kisha aweke draiva mpya ya Wi-Fi. ACPI.sys humwelekeza kwenye umeme na betri. nvlddmkm.sys ni kadi ya picha ya Nvidia. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati, aandike daftarini, apime tena. Akibadilisha vitano kwa mpigo hatajua kipi kilimponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Kuna mzigo mwingine ambao fundi aliyeangalia kompyuta tu asingeuona: mradi wenyewe. Biti yenye vinanda, ngoma na plagini ishirini huilemea prosesa kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na baadhi ya plagini, hasa limita za mwisho zinazoitazama sauti kabla haijafika, huongeza kuchelewa kwao wenyewe. Msomaji atoe biti nzima kama faili moja la WAV, aliweke kwenye mradi mpya mtupu na arekodi sauti humo. Akimaliza ahamishie sauti kwenye mradi mkubwa. Huenda jambo hili peke yake likamwezesha kutumia bafa ya 128.

Asikilize pia mkwaruzo una tabia gani. Ukija ovyo, ukizidi plagini zinapoongezeka, ni mzigo au msafara. Ukija kwa mpangilio, tik, tik, kama saa, huenda anatumia vifaa viwili vya sauti kwa pamoja, kila kimoja kikifuata saa yake ya ndani, au mradi uko 44,100 na kadi iko 48,000. Dawa yake ni kutumia kadi moja kwa maiki na hedifoni, na kuweka namba moja kila mahali.

Ikiwa baada ya yote hayo LatencyMon bado inatoa onyo jekundu na bafa ya 256 bado inakwaruza, ndipo mashine yenyewe inaweza kulaumiwa, na mazungumzo ya kikoba yarudi yakiwa na ushahidi wa daftari. Siku hiyo aende dukani na saundi kadi yake, hedifoni na flashi yenye mradi wake mzito kuliko yote. Amwombe muuzaji ruhusa ya kuweka programu na draiva, acheze wimbo kwa bafa ya 128 kwa robo saa. Ikikwaruza, asitoe pesa.

Kwa leo, aitoe kompyuta kitandani. Na usiku, kabla hajagusa bafa, amwambie mkewe kwamba ada ya Januari haiguswi.